Mche Mmoja, Mashimo Saba

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi baiskeli, pale njia ya vumbi inapokata kona na kuanza kuteremka kuelekea korongoni. Mwenye kibanda huitwa Spoku, na jina lake la kuzaliwa wanalijua mama yake na mkewe tu. Kulia kwake pana meza ya Satelaiti, fundi redio na simu, mtu asiyeamini jambo mpaka likose ushahidi. Kushoto pana chumba cha Katibu, anayechapa barua za watu na kuwatolea nakala, na ambaye tangu alipochongesha mhuri wa kikundi amekuwa akitembea polepole kama mtu mwenye walinzi. Katikati yao hukaa Mama Birika na jiko lake la mkaa, na kahawa yake ndiyo inayowafanya wanaume watatu wenye kazi zao waziache mchana kweupe. Alasiri hiyo ubaoni palikuwa na mwanakijiwe mwingine, kama mche nao unahesabika: mkuyu mchanga ndani ya kopo la rangi, majani yake machache yamelegea, na moja limeliwa na mdudu upande.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ruzuku. Shirika moja lilikuwa limetangaza kwamba litavisaidia vikundi vidogo vinavyotunza mazingira ya mitaa yao. Kikundi cha kijiweni kilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni Spoku, kina katibu, kina mweka hazina, kina mratibu wa mawasiliano, na hakikuwa na mwanachama wa kawaida hata mmoja. Kilishaomba mara mbili na kunyimwa mara mbili. Walichokuwa wakiomba ni cha kueleweka: kila mvua zikinyesha, korongo lilikuwa likimega ardhi na kuupandia mtaa, na nyumba ya Spoku ndiyo ya kwanza ukingoni. Mvua zilizopita zilikwenda na choo chake, mlango na kila kitu, na tangu hapo familia nzima inabisha hodi kwa jirani. Mkewe alikuwa amesema, tena bila kupandisha sauti, na hapo ndipo Spoku alipoogopa: mvua zijazo zikikuta ukingo uko vilevile, yeye na watoto watahamia kwa kaka yake, na Spoku abaki akilindwa na baiskeli za watu.

— Hebu soma tena pale mwanzo, alisema Spoku, huku akisugua tyubu kwa msasa.

Katibu akakohoa kidogo, akaiweka simu mbali na macho.

— "Kikundi chetu, kikiwa na dhamira ya dhati ya kujenga ustahimilivu shirikishi katika mnyororo wa thamani wa korongo..."

— Papo hapo. Korongo lina thamani gani?

— Spoku, hiyo ndiyo lugha yao. Ukiwaandikia "tunaporomoka", wanadhani unataka kuazima kamba. Ukiwaandikia "ustahimilivu", mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

— Mara ya kwanza uliuweka huo ustahimilivu?

— Kila mstari.

— Wakatunyima.

— Mara ya kwanza hatukuwa na mhuri.

— Mara ya pili tulikuwa nao.

— Mara ya pili wino ulikuwa hafifu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bwana mwenyekiti. Nimenunua wino mpya.

Spoku akapaka gundi, akapuliza ikauke. Alitamani sana kuamini kwamba shida ilikuwa wino.

— Wino hauna kosa, alisema Satelaiti, ambaye muda wote huo alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Tatizo korongo letu ni dogo.

— Dogo?

— Dogo sana. Mnadhani wale watu wanakuja huku kukanyaga vumbi? Wanatutazama kutoka juu. Kuna vyombo kule, vinazunguka, vinapiga picha. Aliye juu mngoje chini, lakini huyu wa juu haji, anatazama tu. Na kutoka kule nyumba nzima ni punje ya mchele. Choo cha Spoku kilipokwenda, kule juu halikuonekana hata vumbi.

— Mimi nilikiona, alisema Spoku.

— Wewe si mfadhili.

— Kwa hiyo unasemaje?

— Tulichimbe.

Spoku akaacha kupuliza.

— Tuchimbe nini?

— Korongo. Kidogo tu, upande mmoja, liwe la kutazamika. Mtu akiliona kutoka juu aseme, loo, hawa watu wanakwisha!

— Upande upi?

Satelaiti akajifanya anatafuta waya ndani ya redio.

— Nimekuuliza upande upi, Satelaiti.

— Si tungelijaza tena hela zikija!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta! alifoka Spoku.

— Ehee! Katibu akadaka neno. Wahenga hawakukosea. Ufa una bajeti gani? Udongo wa kiganja na maji kidogo. Ukuta una saruji, una mawe, una vikao, una posho. Ndiyo maana watu wenye akili zao hawazibi.

Mama Birika akacheka mpaka akaiweka birika chini. Akawamiminia tena, vikombe nusunusu, kwa sababu birika ilishaanza kuwa nyepesi mkononi.

— Nyote mnahangaika bure, alisema. Mimi nimewahi kuwapikia chai kwenye semina yao. Siku nzima wanatazama picha ukutani. Nikachungulia na mimi. Wanangu, sikuona binadamu hata mmoja. Wanyama watupu! Bila mnyama hampati kitu.

— Mama, korongoni kuna mnyama gani? aliuliza Spoku. Mbuzi wa jirani?

— Mbuzi wamejaa tele. Wao wanataka yule anayekaribia kwisha.

— Kwa jirani yangu akija mgeni, mbuzi naye hukaribia kwisha.

— Chura, alisema Satelaiti.

Wote wakamgeukia.

— Yuko chura kule chini. Ana mlio wake, sijawahi kuusikia kwingine. Kama redio inayotafuta stesheni.

— Umemwona?

— Sijamwona.

— Sasa utathibitisha vipi?

— Spoku, ningekuwa nimemwona asingekuwa adimu!

Katibu alikuwa ameshaanza kubonyeza herufi. "Chura adimu wa korongo," alinong'ona akiandika, "ambaye haonekani kwingine popote." Akafikiri. "Wala hapa."

— Weka na rangi yake, alisema Mama Birika.

— Rangi gani?

— Andika haijulikani. Itawatia hamu.

Spoku alicheka nao, maana ilichekesha. Lakini kicheko kilipita haraka, akabaki akilitazama kopo la rangi pale ubaoni. Alikuwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa imelala naye kitandani usiku uliopita.

Mambo yalikuwa hivi. Tangazo lilitaka picha za kazi ambayo kikundi kimeshaianza. Kwa hiyo siku iliyotangulia walishuka ukingoni na majembe ya kuazima, wakachimba mashimo saba, na kuchimba kwenyewe walichimba kweli, mpaka viganja vikawaka moto. Ila mche ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa mkewe Spoku, aliouotesha mwenyewe kwa mbegu na kuunywesha maji ya kuoshea mchele, kwa sababu bibi yake alimwambia kwamba mizizi ya mkuyu hushika udongo kama mama anavyoshika mtoto sokoni. Alimkabidhi mumewe kopo kwa mikono miwili. "Uupande pale choo kilipokuwa," alimwambia.

Nao waliupanda pale. Satelaiti akapiga picha. Halafu Katibu akasema picha moja ni unyonge. Wakaung'oa, wakaupeleka shimo la pili, Spoku akavaa kofia. Shimo la tatu akaivua, Katibu akashika jembe. Shimo la tano akaitwa Mama Birika aje amwagilie, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kubeba maji, alimwagilia kahawa. Kufikia shimo la saba mche ulikuwa hausimami wenyewe, ikabidi Katibu aushike kwa vidole huku akitabasamu. Jioni Spoku aliurudisha kwenye kopo na kuuficha kibandani. Mkewe alipomuuliza kama wameupanda, alijibu kwamba wameupanda. Hakusema mara ngapi.

— Picha ndizo zitakazotuokoa safari hii, alisema Satelaiti, kana kwamba ameyasikia mawazo ya mwenzake. Saba! Kikundi gani kingine kina picha saba?

Hapo akatokea mwanamke anayesukuma baiskeli yenye tairi la nyuma lililolala, na nyuma yake mzigo wa vitambaa uliofungwa kwa mpira. Alikuwa mshonaji, mpangaji mpya wa chumba cha mbele ya msikiti mdogo, na tangu ahamie walikuwa hawajamwona zaidi ya kumpita.

— Hamjambo wazee. Fundi, nimepata pancha.

— Hatujambo, dada. Kaa, namaliza hii tyubu naishika ya kwako.

Akakaa pembeni mwa ubao, jirani na kopo. Mama Birika akampa kikombe, kilikuwa nusu na kidogo. Satelaiti hakumwacha hata apoze midomo.

— Dada, umekuja wakati wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sisi tumeshazoeana macho. Hebu wewe jifanye mfadhili. Una hela zako, hujui umpe nani. Unaletewa picha hizi. Utatoa au hutoi?

Akampa simu. Mshonaji akazitazama picha kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua mshono. Akarudi ya kwanza. Akaenda tena ya nne. Kisha akaligeukia kopo lililokuwa ubavuni pake.

— Huu ni mche mmoja?

— Ni miche saba, alisema Katibu.

— Jani hili limeliwa hapa. Na kwenye picha hii nyingine limeliwa papo hapo.

— Mdudu wa huku ana mtindo wake.

— Mdudu adimu, aliongeza Satelaiti.

Mshonaji alicheka, na alicheka vizuri, bila kumdharau mtu. Kisha akairudisha simu, akaligusa lile jani lililolegea kwa ncha ya kidole.

— Mimi mambo ya wafadhili siyajui, alisema. Nauliza tu. Kwa nini hamkuuacha kwenye shimo la kwanza?



Kijiwe hicho kilikuwa kimeshajibu kwa nini mvua hunyesha upande mmoja wa barabara, na kwa nini kuku hawazami. Satelaiti akapuliza vumbi kwenye redio ambayo haikuwa na vumbi. Katibu akainua kidole juu.

— Wahenga wamesema...

Wakangoja. Kidole kikakaa juu, kikachoka, kikashuka. Kwa hilo wahenga hawakuwa wamesema kitu, au walisema na hakukuwa na mtu wa kuwasikiliza. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Katibu ili amwokoe, likatoka tone moja na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Spoku akasimama. Akajifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akalichukua kopo kwa mikono miwili kama alivyokabidhiwa.

— Dada, naomba unisubiri kidogo.

— Na tairi langu?

— Nalirudia sasa hivi. Hili limechelewa zaidi.

Akateremka njiani. Nyuma yake akasikia ubao ukilia, maana walioukalia walikuwa wameinuka mmoja mmoja. Mshonaji naye akaja, hana pa kwenda bila baiskeli.

Shimo la kwanza lilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka pale ardhi ilipokatika. Chini kabisa ulionekana bado ubao mmoja wa mlango wa choo umekwama kwenye udongo. Spoku akapiga magoti. Akauchomoa mche taratibu na udongo wake wote, akautia shimoni, akafukia kwa vidole, akashindilia kwa kiganja. Ulikuwa umeinama, lakini shina lake alipolikwaruza kwa ukucha lilikuwa bado kijani ndani. Alifurahi mpaka akaona haya kufurahi namna hiyo mbele za watu.

— Niipige? Satelaiti aliuliza, simu mkononi.

— Piga moja. Halafu zile saba zifute.

— Zote?

— Zote. Katibu, fungua yale maandishi. Pale panapouliza idadi ya miche umeandika ngapi?

— Saba.

— Andika mmoja. Mashimo saba, mche mmoja. Andika ukingo unamegeka na choo kimekwenda. Miche peke yake haitoshi, andika hivyo, tunataka mawe na nyavu za chuma za kuyashikia, na mtu wa kutufundisha kuyapanga, kwa sababu hatujui.

— Tuandike kwamba hatujui?

— Si hatujui?

Katibu akaandika. Kidole chake kilifuta kwa uchungu, kama mtu anayechinja kuku aliyemfuga.

— Na ustahimilivu?

— Bakisha mmoja, usife moyo.

— Na chura?

— Mtoe.

— Na kama yupo kweli? aliuliza Satelaiti, ameumia.

— Kama yupo, tukiponya korongo atajitokeza mwenyewe.

Katibu akabonyeza. Simu ikafikiri, ikazunguka, ikalia kidogo kuonyesha kwamba imekwenda. Mhuri ulikuwa mfukoni mwake na hakuna aliyeukumbuka. Hawakujua watajibiwa nini. Lakini kwa mara ya kwanza Spoku aliona kwamba akija mtu kutoka huko kwenye shirika, ataweza kumshika mkono, akamleta hapa, akamwonyesha kitu, na kitu hicho kitakuwepo.

Mkewe akatokea mlango wa jikoni na karai la maji ya vyombo. Akawaona wote wamesimama nyuma ya nyumba yake kama waliokuja kutoa pole. Akautazama mche, majani yamelala.

— Si ulisema mliupanda jana?

Spoku akabaki amepiga magoti.

— Tuliupanda. Tukaung'oa. Tukaupanda kule, tukaung'oa tena. Tulikuwa tunapiga picha. Nilikudanganya, mama watoto, na nimeona vibaya tangu jana.

— Kwa nini mliung'oa?

— Hilo swali tumeshaulizwa sasa hivi, limetushinda.

Mshonaji akatazama pembeni ili asicheke. Mke wa Spoku hakucheka. Alisogea, akauinamia mche, akamwaga maji polepole kuzunguka shina mpaka udongo ukanywa. Kisha macho yake yakaanza kufuata ukingo: shimo, shimo, shimo.

— Haya mmechimba nyinyi?

— Sisi, alisema Satelaiti, akamwonyesha malengelenge yake kama mtoto.

— Mazuri. Yanangoja nini?

— Ruzuku, shemeji, alisema Katibu.

Mwanamke akaliweka karai chini, akazunguka nyuma ya jiko. Walisikia makopo yakigongana. Aliporudi alikuwa amekumbatia manne, ya rangi na ya mafuta, na kila moja lina mkuyu mdogo umesimama wima.

— Iliota hii tu, alisema. Mashimo mawili yatabaki.

— Unayo tangu lini? Spoku aliuliza.

— Tangu nilipootesha ule. Hukuniuliza kama upo mwingine. Ulikuja ukasema wanataka mche, nikakupa mche.

Spoku alitaka kumuuliza habari za kwa kaka yake, akaogopa jibu. Mkewe akalitoa mwenyewe, huku akiyapanga makopo chini.

— Kwa kaka yangu hakuna hata pa kuweka kopo, alisema. Hatutakwenda kukaa kule na miche yangu iko huku. Labda huu mtaa wote uondoke.

Katibu alikuwa mtu wa kawaida kwa dakika nzima, ikawa nyingi kwake. Akajinyoosha, akatoa simu, akatengeneza ile sauti yake ya vikao.

— Shemeji, kwa niaba ya kikundi, wewe ndiye mfadhili wetu wa kwanza. Mfadhili huwa na masharti yake. Yataje niyaandike.

— Sharti langu ni moja, alisema mke wa Spoku. Ukishapanda, usiung'oe.

Akalichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akampa Katibu.